Damu Haisomi Damu

Figo langu la kushoto linaishi kwa mdogo wangu. Nalitaja mapema si kwa kujisifu. Nalitaja kwa sababu watu wananiuliza kwa nini nina hasira kiasi hiki kwa jambo ambalo, wanasema, ni kosa la kikazi tu. Kosa la kikazi! Maneno hayo hutamkwa na mtu ambaye viungo vyake vyote bado anavyo mwenyewe.

Mdogo wangu tunamwita Mzee. Jina hilo alilipata akiwa na miaka minne, kwa sababu alipenda kutembea mikono nyuma akikagua ua kama mwenye nyumba aliyekuja kulaumu mafundi. Sasa ana miaka thelathini na moja, fundi ni yeye mwenyewe, wa cherehani, na futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akila. Mafigo yake yalipokufa yote mawili nilipimwa mimi, nikaonekana nafaa. Tukalazwa vitanda vilivyopakana, tukaamka kila mtu na kovu lake. Mwaka mmoja na nusu umepita tangu siku ile. Asubuhi na jioni anameza dawa za kuushusha ulinzi wa mwili, ili mwili wake usiligundue figo langu ukalifukuza kama mgeni aliyeingia bila hodi. Ubaya wake ni kwamba ulinzi ukishashushwa unashuka kwa wote. Mdudu wa tumbo ambaye mimi na wewe tungemhara siku nne tukamsahau, kwake yeye anahamia na mizigo yake.

Na kazi yangu mimi ni kuwatafuta wadudu hao. Miaka kumi na miwili nimekaa kwenye maabara ya hospitali, chumba cha kupima choo. Cheka, nimezoea. Wenzetu wa chumba cha damu wanajiona mabwana harusi, sisi hata kwenye chakula cha mchana tunaachiwa meza yetu. Lakini mgonjwa akishawashinda wote, macho yanageukia mlango wetu.

Chumbani tulikuwa wawili. Mwenzangu aliitwa Pacha, na mimi niliitwa Pacha vilevile, kwa kuwa tulisoma chuo kimoja, tukaajiriwa wiki moja, na ukibisha mlangoni tulijibu kwa pamoja. Yeye ndiye aliyesimama ubavuni mwangu siku ya harusi yangu, na ndoa ilipovunjika ndiye aliyekuja kunibebea masanduku. Nilipotolewa figo yeye ndiye aliyenichana nywele nikiwa siwezi kuinua mkono. Mama yangu humwita mwanangu bila kufikiri mara mbili. Nayaeleza haya ili ujue moyo wangu nilikuwa nimeuweka kwa nani.

Sasa sikiliza sheria yetu, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Zamani mwenzetu mmoja, sasa amestaafu, alisoma kwa hadubini slaidi ya mama yake mzazi akaona alichotaka kuona, yaani hakuona kitu. Mama wa watu akazikwa. Baada ya hapo mimi ndiye niliyeandika kwa kalamu nene na kubandika juu ya sinki: DAMU HAISOMI DAMU. Ndugu yako akileta sampuli, husomi wewe, na msomaji humwambii ni ya nani. Chombo kinapita dirishani, kinapewa namba, na namba ndiyo inayosomwa. Wengine walisema nimezidi. Nikawaambia maabara si kikao cha ukoo.

Jambo la pili ni rangi. Mgonjwa wa kawaida tunampima kwa tone la maji ya chumvi na tone la ayodini, basi. Mgonjwa mwenye kinga dhaifu anaandikiwa KD kwenye pembe ya fomu, na hapo kazi inaongezeka. Kuna wadudu weupe kama maji, ukiwaangalia hivi hivi unawapita ukidhani ni mapovu. Hao wanataka slaidi ikaushwe, imwagiwe rangi nyekundu, ioshwe kwa tindikali, kisha ipewe rangi ya buluu. Ndipo wanapojitokeza wekundu ndani ya ubuluu kama punje za komamanga. Ni kazi ya karibu saa nzima, na tisini na nane kati ya mia utakuta hamna kitu. Mabaki ya sampuli tunayatia kwenye formalini, dawa ya kuzuia yasioze, na kuyaweka rafuni miezi mitatu, ili mtu akitilia shaka aweze kurudia.

Rangi nyekundu nilikuwa naitengeneza mimi. Nayeyusha, nachuja, najaza chupa ya kahawia, kisha nakizungushia kifuniko plasta nyeupe ya kidonda na kuandika juu yake tarehe ya kufunga. Atakayeifungua ataandika tarehe ya kufungua papo hapo pembeni. Sikumwomba mtu ruhusa kuanzisha utaratibu huo. Pacha alikuwa akinitania, "Siku ukifa, shoga yangu, tutakuzungushia plasta na tarehe."

Mwezi wa pili Mkuu wa maabara akanihamishia chumba cha damu kwa zamu. Siku ya kuondoka chupa ya zamani ilikuwa imekwisha, nikaiosha kwa mikono yangu. Nikamwachia Pacha mpya, imejaa, imefungwa.

"Nakukabidhi mtoto," nikamwambia.

"Nenda salama, mama mkwe," akanijibu. Tukacheka mpaka Mkuu akachungulia.

Mwishoni mwa mwezi ule Mzee akaanza kuhara. Mara sita kwa siku, mara nane, maji matupu. Alihamisha cherehani yake ya dukani ikawa karibu na mlango wa nyuma ili asiaibike mbele ya wateja. Daktari wake wa figo akaandika fomu, KD kubwa pembeni, sampuli tatu kwa siku tatu. Nilimwonya Mzee kabla hajaenda, "Pita dirishani kama watu wengine. Usimtaje Pacha, usinitaje mimi." Akafanya hivyo hivyo. Mtoto mtiifu huyu, tangu zamani.

Majibu yakatoka. Hasi, hasi, hasi.

Daktari akafikiri kama ambavyo daktari yeyote mwenye akili angefikiri. Vipimo vingeonyesha mdudu, angetibu mdudu. Havikuonyesha, basi anayeharisha ni dawa, kwa sababu moja ya zile dawa za kushusha kinga ina tabia hiyo. Akaipunguza ikawa nusu. Yaani ule ukuta unaolificha figo langu ukabomolewa nusu, kwa kuamini karatasi tatu zilizotoka kwetu.

Kuhara hakukukoma. Nikamfuata Mzee dukani kwake. Nilimkuta amekaa kwenye cherehani anashona suruali yake mwenyewe.

"Nimejipunguzia kiuno mara mbili mwezi huu," akasema. "Mteja wangu mkubwa siku hizi ni mimi."

"Unaruka vidonge?"

"Siruki. Dada, hii si dawa. Dawa nimeimeza mwaka na nusu hainifanyi kitu, leo ndiyo ianze? Tumbo langu nalijua. Kuna kiumbe humu."

"Vipimo vitatu vimesema hakuna kiumbe."

"Basi vimekosea."

Nikawaka. Nilimwambia maabara yetu si ya bora liende. Nikamwambia anayesoma pale namjua kama ninavyojijua, na kama ameandika hasi basi ni hasi. Nikamuuliza anakunywa maji gani, anakula kwa nani, kama ananidanganya kuhusu vidonge aseme sasa hivi, maana figo hilo sikuliokota njiani. Ndiyo, nilitamka hivyo. Akaendelea kushona. Mguu wake juu ya pedali ulikuwa umebaki mfupa na soksi.

"Haya, dada," akasema mwishowe. "Wewe ndiye msomi."

Wiki ziliendelea. Vipimo vya figo vikaanza kupanda, dalili ya figo kushindwa, pole pole, halafu si pole pole. Daktari akasema Alhamisi, kama bado anahara, ataiondoa dawa ile kabisa tuone.

Jumatano, kabla ya Alhamisi hiyo, spiriti ya kukaushia slaidi ilituishia chumba cha damu. Nikavuka ukumbi kwenda kuazima kwa Pacha. Hakuwepo, alikuwa ametoka kwenda chakula cha mchana. Kabati liko chini ya karatasi yangu ya DAMU HAISOMI DAMU. Nikalifungua.

Chupa ya kahawia ilikuwa pale pale nilipoiacha, imejaa hadi shingoni, plasta imezunguka kifuniko. Juu yake mwandiko wangu: imefungwa, tarehe 5 mwezi wa pili. Pa kuandika tarehe ya kufungua palikuwa peupe.

Kwanza nikacheka. Nikasema moyoni, huyu ametengeneza ya kwake, ya mama mkwe haitaki. Nikaitafuta hiyo ya kwake. Kabati la pili, la tatu, kwenye friji, chini ya sinki. Nikapitisha kidole kwenye kichanja tunachopangia slaidi za kupakwa rangi, kikatoka na vumbi. Hapo kicheko kikaniisha.

Nikafungua daftari la majibu. Safu ya KD, rangi nyekundu: hasi. Rangi nyekundu: hasi. Nikahesabu arobaini na tatu, zote kwa mwandiko mzuri wa Pacha, herufi zimelala upande mmoja kama za mwanafunzi aliyezoea kusifiwa. Hakuacha mstari hata mmoja wazi. Angeacha wazi ningemsamehe, nakuapia. Anayeacha wazi amechoka. Anayeandika hasi amekaa, amefikiri, na amedanganya. Na mimi nilikuwa nimekwenda kumfokea mgonjwa kwa ajili ya mwandiko huo.

Namba za Mzee nilikuwa nazijua, nilikuwa nimeziona kwenye karatasi zake: 316, 347, 375. Vichupa vya formalini vilikuwepo rafuni, vimepangwa vizuri kabisa. Kuhifadhi alihifadhi. Ni kumimina tu na kufunga, hakuna jasho.

Nikachukua kalamu nikaandika kwenye plasta: imefunguliwa, tarehe 17 mwezi wa nne. Kisha nikaibandua yote nikaitia kwenye mfuko wa koti langu jeupe. Nikapaka slaidi tatu, nikakausha, nikamwaga rangi. Nilikuwa namalizia kuosha ile ya buluu Pacha alipoingia.

"Eh! Mama mkwe amerudi nyu..." Akaiona chupa.

Nikaweka slaidi ya kwanza kwenye hadubini, nikavuta kiti.

"Kaa usome."

"Ya nani?"

"Tangu lini chumba hiki kinauliza ya nani? Kaa."

Ningeweza kuangalia mwenyewe. Macho yangu yalikuwa yanawasha kwa kutaka kuangalia. Lakini sheria ni yangu, na siku ile hasa sikutaka mtu aseme kwamba niliona nilichotaka kuona. Pacha akainama. Nikaangalia vidole vyake vikizungusha skrubu, mbele, nyuma, mbele. Vikasimama.

"Wapo," akasema bila kuinua uso. "Isospora. Wengi."

"Ya pili."

"Wapo."

"Ya tatu."

Hiyo aliitazama sekunde chache tu. "Wapo."

Isospora, kama huwajui, ndio wadudu ambao vidonge vya kawaida, vile vinavyopatikana katika kila duka la dawa, huwamaliza ndani ya siku kumi. Wiki sita mdogo wangu alikuwa akiyeyuka kwa ajili ya kitu cha vidonge vya kawaida.

"Arobaini na tatu, Pacha," nikamwambia. "Zote hasi. Chupa imefungwa."

Akageuka. Sikuona machozi. Niliona mtu aliyekuwa akiisubiri siku hiyo kwa muda mrefu na amechoka kusubiri.

"Mwaka jana mzima tulipata wangapi? Wawili! Umeniacha humu peke yangu na sampuli thelathini kwa siku, wewe uko huko kwenye damu unapulizwa na kiyoyozi. Wiki ya kwanza nikasema nitaanza Jumatatu. Jumatatu ikapita. Ya pili nayo ikapita. Nilipotaka kuifungua kweli, ningeandika tarehe gani pale? Plasta yako ingesema kwamba zote za nyuma sikuzipima. Nikaona aibu kuifungua."

"Aibu."

"Ndiyo, aibu. Wewe hukosei, kwa hiyo huijui." Akafuta mikono kwenye koti. "Ni ya nani?"

"Ya Mzee."

Akashika kifua. Akakaa tena kwenye kiti, na sasa ndiyo machozi yakaja, ya haraka, ya kweli. Sisemi yalikuwa ya uongo.

"Mungu wangu. Mbona hukuniambia? Ungeninong'oneza tu, shoga yangu, ni ya Mzee! Ningeipaka siku hiyo hiyo. Haki ya Mungu ningeipaka!"

Nafikiri alidhani neno hilo lingenipoza. Ni neno hilo lililonichoma kuliko uongo wote arobaini na tatu. Kumbe rangi ilikuwepo, mikono ilikuwepo, na nafasi ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kunong'ona. Miaka kumi na miwili nilidhani tunafanya kazi moja, mimi na yeye. Wazee wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi wangu nilimvalisha koti mwenyewe, nikamkabidhi na funguo.

Tukaenda kwa Mkuu. Mkuu wetu si mtu mbaya. Ni mpole, anaogopa simu, na amebakiza mwaka mmoja astaafu. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika paji la uso. Kisha akasema majibu yatoke haraka, daktari apelekewe kabla hajaondoka kliniki saa tisa. Ila tuandike ni sampuli ya leo.

"Wadudu hawa hutoka kwa vipindi," akasema. "Juzi hawapo, leo wapo. Hakuna atakayeuliza. Hao wengine tutawapaka kimya kimya, tuwaite kwa kipimo cha marudio. Jamani, tukiandika vingine chumba kinafungwa leo, uchunguzi unaanza, na huyo ndugu yako majibu yake yatakaa kwenye faili la kesi mwezi mzima."

Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Nilikubali. Silainishi neno: nilikubali. Na kwa kuwa damu haisomi damu, anayetia sahihi ya msomaji hakuweza kuwa mimi. Pacha akatia sahihi. Nikaikimbiza karatasi mwenyewe hadi kliniki nikiwa na kovu langu linavuta ubavuni.

Mzee, aliyeambiwa tu kwamba Pacha amerudia kipimo, akalazwa jioni hiyo, akaanza vidonge, dawa ya kinga ikarudishwa kamili. Siku ya nne kuhara kukakoma. Wakati huo mimi na Pacha tulikuwa tunapaka vichupa vilivyobaki, arobaini. Watu watano walikuwa na wadudu. Wanne tuliwapata kwa simu. Ya wa tano ilipokelewa na mkewe, akatuambia tumechelewa, wiki ya pili sasa tangu wamzike. Pacha ndiye aliyekuwa ameshika simu. Akasema pole, akakata, akaandika kwenye daftari: hapatikani.

Siku ya tisa, Ijumaa, daktari wa figo akanisimamisha kwenye korido ya wodi. Ni mwanamke wa maneno machache na sijawahi kumwona akitafuta maneno, lakini siku hiyo aliyatafuta. Akaniambia tumbo limepona. Figo, hapana. Zile wiki ambazo dawa ilikuwa nusu, mwili ulikuwa umeshaligundua na kuanza kulila. Limebaki kama theluthi. Watajitahidi kuibakiza hiyo theluthi, lakini nisishangae akirudi kwenye mashine ya kusafisha damu kabla ya mwaka kwisha.

"Ni bahati mbaya zile sampuli za kwanza hazikuonyesha kitu," akasema. "Inatokea. Mshukuru mwenzako aliyeona mara hii."

Nikaingia wodini na maneno hayo masikioni.

Mama alikuwa amekaa upande wa kulia wa kitanda, ameushika mkono wa Pacha kwa mikono yake yote miwili. Pacha alikuja kila siku, na matunda. Kila siku nilimkuta pale, na kila siku nilinyamaza, nikijiambia Mzee apate nguvu kwanza.

"Mwanangu," Mama alikuwa akisema, "Mungu akuwekee macho yako hayo hadi uzeeni. Umenirudishia mtoto."

"Ni kazi tu, Mama," Pacha akajibu, akiangalia shuka.

"Dada, njoo usikie!" Mzee alikuwa ameketi, sauti yake imerudi, futi ya kupimia shingoni kama kawaida. Daktari alikuwa hajamwambia bado habari ya figo. "Namshonea Pacha gauni. Si gauni la kununua, gauni la kusimamisha watu barabarani. Vipimo vitatu vilishindwa, huyu akaja akaona! Pacha, lete mkono nipime mkono wa gauni."

Nikasubiri. Nilimpa nafasi hiyo, Mungu ni shahidi wangu. Nikasema moyoni, sasa atasema, hawezi kupimwa gauni na mtu huyu akanyamaza.

Pacha akanyoosha mkono. Mzee akashika ncha ya futi begani kwake, akaivuta hadi kwenye kifundo. "Hamsini na nane," akasema, kwa furaha.

Nikatia mkono mfukoni nikatoa plasta. Ilikuwa imejikunja na kushika nyuzi za koti, ila maandishi yalisomeka. Nikaibandika kwenye shuka, mbele ya magoti ya mdogo wangu.

"Soma hizo tarehe."

"Nini hii?"

"Ni plasta ya chupa ya rangi inayowatafuta wadudu wako. Hakuna chupa nyingine. Bila rangi hiyo hawaonekani."

Fundi cherehani hasomi namba kwa haraka. Alizisoma mara mbili, midomo ikicheza. "Imefungwa tarehe tano mwezi wa pili. Imefunguliwa tarehe kumi na saba mwezi wa nne." Akahesabu kwa vidole. "Mimi sampuli nilileta mwezi wa tatu."

"Ndiyo."

"Basi zile tatu hazikupimwa."

"Hazikupimwa. Ziliandikwa tu."

Mkono wa Pacha ulikuwa bado umenyooka. Akaushusha taratibu. Mama alikuwa hajaelewa, bado ameushika ule mwingine, anatuangalia mmoja mmoja. Nilimngoja Mzee amgeukie Pacha. Nilikuwa tayari kwa hilo, na nitasema ukweli, nilikuwa na hamu nalo. Nilitaka mtu mwingine amkasirikie kwa niaba yangu.

Hakumgeukia. Alinitazama mimi.

"Tarehe kumi na saba ni ile Jumatano niliyolazwa. Leo siku ya tisa," akasema. "Hii plasta ilikuwa wapi?"

"Mfukoni mwangu."

"Na kila siku ulikuja hapa."

"Nilikuja."

"Mama alipokuwa anamwombea dua, ulikuwepo."

"Nilikuwepo, Mzee, lakini..."

"Na dukani kwangu," akasema. "Siku ile niliyokwambia kuna kiumbe."

Akaivua futi shingoni, akaanza kuikunja kwenye vidole viwili, taratibu, kama anavyofanya jioni akifunga duka. Alipomaliza akaiweka chini ya mto.

"Toka."

Pacha akainuka. Mimi nikabaki nimesimama, kwa sababu nilidhani anamwambia yeye.

"Nyote wawili, dada," akasema mdogo wangu.

Tukaondoka kitandani. Mlango wa wodi ile ni mwembamba, watu wawili hawapiti pamoja, ikabidi nimsubiri Pacha atangulie.